Matibabu ya wasiwasi kwa njia ya simu: je, mwanamke aliyeko Lamu anaweza kuyategemea?

Binti wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaykum nyote. Ninaomba ushauri kwa wanawake waliowahi kutibiwa ugonjwa wa wasiwasi kwa njia ya simu au mtandao, na kwa wataalamu iwapo wamo humu. Nina umri wa miaka 34, nina watoto wawili, na kwa muda mrefu sasa ninaishi na hofu ambayo siwezi kumwonyesha mtu chanzo chake. Mtoto akichelewa kidogo kutoka chuoni, yaani madrasa, mimi huwa nimeshamwona amezama baharini. Mume wangu akipiga simu saa asiyozoea kupiga, mkono hunitetemeka kabla sijapokea. Na usiku hulala nikiwa nimechoka, lakini ikifika saa nane huwa macho, nikipanga maafa ambayo hayajatokea.

Jambo lililonilazimisha kutafuta tiba ni lile lililonipata kwenye boti ya Mokowe, gati ya upande wa bara. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeondoka gatini, bahari imetulia, abiria wanazungumza mambo yao, na ghafla kifua kikanibana, vidole vikafa ganzi, midomo nayo nikawa siihisi, nikaamini kabisa kwamba ninakata roho mbele za watu. Tangu hapo sijavuka. Nilipimwa moyo na shinikizo la damu, vyote vikaonekana vizuri, na daktari akanieleza kwa upole kwamba huo ni ugonjwa wa wasiwasi pamoja na mshtuko wa hofu, akanishauri nianze tiba ya mazungumzo. Mtaalamu anayemjua yuko Mombasa. Ili nifike Mombasa ni lazima kwanza nipande boti ile ile, kisha nikae ndani ya basi saa nyingi, jambo ambalo kwa hali yangu ya sasa haliwezekani, na hata kama lingewezekana nisingeweza kulifanya kila wiki nikiwa na watoto.

Dada yangu amenishauri nitibiwe kwa simu. Ningependa kujua kama tiba hiyo huponya kweli au ni maneno ya kupoza moyo tu. Tena sijui nitazungumzia wapi. Ninaishi nyumba moja na mama mkwe na mawifi zangu. Nyumba zetu za mawe mnazijua, chumba huingia katika chumba, milango mingi ya ndani ni mapazia, na anayenong'ona chumbani husikika ukumbini. Sipendi kuzungumza siri zangu na mwanamume nisiyemjua, wala kuonyesha uso wangu kwenye video. Na la mwisho, watu wa nyumbani wanasema nina jini, wameshaniandikia kombe, yaani aya zinazooshwa kwa maji ya kunywa, zaidi ya mara moja, na ninachelea kwamba nikitafuta mtaalamu wataona nimepungukiwa na imani.

Dada wa Shela

Waalaykumu salaam, dada yangu. Uliyoyaeleza ninayajua vizuri, kwa kuwa mimi pia nilifikia hali ya kuogopa kutoka nyumbani, na aliyenitibu ni mwanamke aliyeko Nairobi ambaye hadi leo hatujaonana ana kwa ana. Nitakueleza ilivyokwenda ili ujue unachokiendea.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha maswali. Aliniuliza hofu ilianza lini, ninalala vipi, ninakunywa nini, nilijifungua lini mara ya mwisho, kama ninatumia dawa yoyote, kama kuna mtu anayenipiga au kunitisha, na kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Alinisomea pia maswali 7 kuhusu hali yangu katika wiki 2 zilizotangulia, kila swali nikilipa alama kuanzia 0 hadi 3, na mara kwa mara tuliyarudia ili tuone alama zinakwendaje. Hilo lilinifaa sana, kwa sababu mwenye wasiwasi huzisahau siku zake nzuri upesi; alama zilinionyesha kwamba nimepiga hatua hata wakati ambapo nilihisi nimesimama palepale.

Baada ya hapo alinieleza kinachotokea mwilini, na kwa upande wangu sehemu kubwa ya hofu ilinitoka kwa maelezo hayo. Mtu anapohisi hatari, hata ikiwa ni ya kuwaza tu, mwili humwaga adrenalini, moyo huongeza mwendo na pumzi huwa za haraka. Pumzi zikizidi haja ya mwili, kaboni dayoksaidi iliyomo katika damu hupungua, na upungufu huo ndio unaofanya vidole na midomo kufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Hali hiyo hutisha mno, lakini haiui. Tatizo ni kwamba anayepatwa nayo hudhani ndiyo mauti, dhana hiyo huongeza hofu, hofu huongeza pumzi, na mzunguko huendelea hivyo hadi pale anaposhuka au kukimbilia nje; na kwa kuwa amepata nafuu baada ya kukimbia, akili yake huamini kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kwa hiyo kila safari unayoiepuka huifanya ile inayofuata kuwa nzito zaidi.

Zoezi moja sitalisahau. Alinitaka nipumue haraka haraka kwa makusudi, nikiwa nimekaa kitandani na simu iko juu ya mto, hadi ganzi ile ile niliyokuwa nikiiogopa ikaniingia vidoleni. Nililia. Yeye alinyamaza kidogo, kisha akanitaka nisinywe maji, nisifungue dirisha, nisishike hata tasbihi kwa muda ule, bali niitazame ganzi inavyokwenda na inakoishia. Ikapungua yenyewe. Tulilirudia zoezi hilo hadi ganzi ikawa ni jambo la kuudhi tu, lisilonitisha tena. Tafadhali usilijaribu peke yako kabla ya kuanza tiba, hasa ukiwa mjamzito, una pumu au una tatizo la moyo. Mimi aliniuliza hayo yote kwanza.

Kazi kubwa ilikuwa nje ya simu. Kwangu hofu ilikuwa ya msongamano: harusi, matanga, na uwanja wa Mkunguni watu wanapojaa mbele ya ngome. Tulianza na kusimama pembeni ya kichochoro mapema asubuhi kabla ya maduka kufunguliwa, tukasogea taratibu hadi saa za msongamano, na kila hatua nilitakiwa nikae hapo mpaka hofu ipande na ishuke, nisiondoke ikiwa bado iko juu. Kwa upande wako nadhani mtaalamu atakupangia boti: kukaa gatini ukizitazama zinavyoondoka, kuingia katika iliyofungwa bila kusafiri, kuja kwetu Shela, ambako ni mwendo mfupi na ukipenda unarudi kwa miguu kwa njia ya ufukweni, kisha Mokowe ukiwa na mtu, na hatimaye Mokowe peke yako. Ukifika hatua ya Shela nitakupokea mimi.

Sasa mahali pa kuzungumzia. Wengi hufikiria kupanda juu, penye makuti, kwa kuwa ni mbali na watu wa nyumbani, lakini sauti ya juu hushuka katika nyumba za jirani, na hewa ikitulia husikika mpaka kichochoroni. Mimi nilikuwa nikienda kwa shangazi yangu, ambaye ni mjane na anaishi na mjukuu mmoja, katika saa ambazo mjukuu huwa shuleni. Shangazi hakuuliza kitu. Alifunga mlango, akaenda kukaa dakani na ukili wake, na aliyekuja kumtembelea alizungumza naye palepale. Mtafute mtu kama huyo, maana kila mtaa wetu una mama wa aina hiyo. Zaidi ya hayo, mimi na mtaalamu wangu tulikubaliana kwamba nikimuuliza bei ya vitambaa, ajue mtu ameingia na siko huru, naye angenijibu mambo ya vitambaa hadi nitakapokuwa peke yangu. Mtandao ukikatika, yeye ndiye angenipigia kwa simu ya kawaida, ili nisihangaike kutafuta bando katikati ya kikao. Uso wangu sikuuonyesha, na hakunilazimisha.

Mshauri nasaha, Malindi

Dada yangu wa Mkomani, umeuliza vizuri, na Dada wa Shela amekueleza tiba yenyewe kwa usahihi. Nitaongeza yale yanayohusu kazi yetu.

Tiba iliyochunguzwa zaidi kwa wasiwasi huitwa tiba ya fikra na mwenendo, na mizizi yake ni kazi ya daktari Mmarekani Aaron Beck tangu miaka ya 1960. Mwaka 2016 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 38 zenye washiriki zaidi ya 3,000 waliopewa tiba hiyo kwa njia ya intaneti chini ya uangalizi wa mtaalamu. Walipata nafuu kuliko waliokuwa wakisubiri zamu, na walipolinganishwa na waliotibiwa ana kwa ana, haikuonekana tofauti kubwa. Tahadhari ni kwamba nyingi ya tafiti hizo zilifanyika Uswidi na Australia, na kwamba wagonjwa hao walikuwa na mtu wa kuwafuatilia. Programu inayokuachia mazoezi peke yako, bila mtu wa kukuuliza umefikia wapi, huwa na nguvu ndogo zaidi na wengi huiacha njiani. Kwa hiyo unachokitafuta ni mtu aliyefunzwa, na simu ni njia tu ya kumfikia.

Hapa kwetu upo utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao hawakuwa wanasaikolojia, walifundishwa mpango wa vikao 5 wa Shirika la Afya Duniani, na wanawake waliowahudumia walipungukiwa na dhiki ya nafsi kuliko wale waliopata huduma ya kawaida ya zahanati. Vikao hivyo vilikuwa vya ana kwa ana, lakini ninavitaja kwa sababu watu wengi wa pwani wanaamini kwamba tiba ya mazungumzo ni ya watu wa Ulaya na wenye fedha. Wanawake wale walikuwa wa kipato cha chini, na tiba iliwafaa.

Fomu ya maswali 7 aliyoitaja Dada wa Shela ni GAD-7, iliyochapishwa mwaka 2006. Alama ya juu kabisa ni 21, na aliyefikia 10 au zaidi huhitaji kuchunguzwa kwa kina. Tafsiri yake ya Kiswahili ilipimwa hapa hapa Kilifi, kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Basi mtaalamu akikuletea maswali ya Kiingereza usiyoyaelewa sawasawa, mwombe ya Kiswahili, kwani yapo. Alama hizo peke yake hazitoshi kusema mtu ni mgonjwa, lakini ni kipimo kizuri cha kufuatilia.

Huko peke yako hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi, na wanawake huupata takriban mara mbili ya wanaume. Homoni zina sehemu yake, hasa wakati wa ujauzito, baada ya kujifungua na hedhi inapokaribia kukatika, lakini kwa ninayoyaona katika kazi yangu siwezi kuutenga ugonjwa huu na mzigo wa kulea, kuuguza wazee na kuishi bila sauti ndani ya nyumba. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo apunguze mawazo, kisha kumrudisha kule kule, ni kumtupa.

Kabla ya kuanza, muulize daktari wako kama vipimo vyako vilijumuisha tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, na kiwango cha damu, kwa sababu tezi inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu huleta moyo kwenda mbio na mitetemeko inayofanana kabisa na wasiwasi. Upime pia kiasi cha kahawa na chai ya rangi unachokunywa baada ya alasiri. Ni jambo dogo, lakini mtu anayeamka saa nane na moyo unadunda hapaswi kulipuuza.

Sasa nieleze kwa urefu namna ya kumjua mtaalamu wa kweli, kwa kuwa hapa ndipo wanawake wengi wanapoumizwa. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Muulize jina lake kamili, namba yake ya usajili, alisomea nini na wapi, na nani anamsimamia katika kazi yake. Aliyesoma atakujibu bila kukasirika. Daktari wa magonjwa ya akili husajiliwa na baraza la madaktari, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe. Wapo watu wengi mitandaoni wanaojiita walimu wa maisha, wenye sauti nzuri na wafuasi wengi, wanaouza vikao kwa wanawake wenye hofu bila elimu yoyote ya tiba. Akikuahidi kukuponya kwa kikao kimoja, akikutaka ulipie miezi mingi kwa mkupuo kabla hamjazungumza, au akitaka picha yako bila sababu, achana naye. Unayo haki kamili ya kuomba mtaalamu mwanamke, na ukiomba hivyo hutamkosea mtu yeyote.

Uliza pia maneno yako yatahifadhiwa wapi, na kama kikao kinarekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa ni taarifa nyeti, na anayezitoa bila idhini yako anavunja sheria. Jina kubwa si kinga: mwaka 2023 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani iliitaka kampuni ya BetterHelp, inayojulikana sana kwa tiba ya mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 baada ya kuituhumu kwamba ilitoa taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo, ikiwemo Facebook, ilhali ilikuwa imewaahidi siri.

Kuhusu dawa nitasema machache, kwa kuwa huo ni uamuzi wa daktari. Zile za jamii ya sertraline na fluoxetine huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na hazikatwi ghafla. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepam hutuliza upesi, lakini mwili huvizoea vikitumiwa kwa muda mrefu, basi usivinunue dukani wala kuvikubali kutoka kwa jirani.

Yapo mambo ambayo simu haiyatoshi. Ukipata mawazo ya kujiua, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukizimia, au ukipata maumivu ya kifua yasiyofanana na yale ya mshtuko wa hofu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa Lamu ni King Fahd, kwa sisi huku ni hospitali ya Malindi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba 1199 ya msaada wa kisaikolojia, ambayo haitozi malipo. Mtaalamu makini atakuuliza tangu kikao cha kwanza uko wapi hasa na nani apigiwe ukizidiwa. Asiyeuliza hayo hajajiandaa kukutibu kwa mbali.

Mwalimu wa chuo, Langoni

Mwanangu, nimesoma swali lako na ninataka nikujibu lile la imani, kwa sababu yapo maneno yanayosemwa kwa jina la dini ambayo dini haikuyasema. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, na ametuamrisha tujitibu. Hakubagua ugonjwa wa tumbo na ugonjwa wa nafsi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya hofu, huzuni, ghadhabu na wasiwasi, akaeleza namna ya kuzitibu kwa kuielekeza fikra, na akawalaumu matabibu walioushughulikia mwili wakaisahau nafsi. Hivyo unalotaka kulifanya lilikuwepo kwetu kabla ya simu na kabla ya madaktari wa Ulaya.

Kombe na dua viendelee kwa anayeviamini, kwani Qur'ani ni utulivu wa moyo, na mimi mwenyewe huwasomea wanaonijia. Hata hivyo, mtu akiniletea mkewe au binti yake mwenye hali kama yako, swali langu la kwanza huwa ni kama amepelekwa hospitali, na jibu likiwa hapana, huwataka waende huko kwanza. Kwa upande wa kuzungumza na mtaalamu mwanamume, kutafuta tabibu mwanamke ndilo bora na linalokupa raha. Ikiwa hakupatikana, kuzungumza kwa simu juu ya maradhi yako kwa adabu na kwa haja ni jambo la tiba, wala usijitie katika dhiki kwa hilo. Mama mkwe wako akihitaji kusikia maneno haya kutoka kwa mtu mzima, mume wako aje chuoni baada ya alasiri nami nitazungumza naye, kisha yeye azungumze na mama yake.

Binti wa Mkomani, Lamu

Allah awalipe kheri nyote. Nimesoma majibu haya zaidi ya mara moja, na kwa mara ya kwanza naona njia ya kupita. Bado ninasumbuliwa na mambo mawili. Simu ninayotumia, mume wangu huishika anapotaka, na ujumbe wa malipo ya M-Pesa huwa na jina la aliyelipwa; sina ubaya naye, na hajawahi kunitendea vibaya, lakini sijui nianzeje kumweleza. Pia vifurushi vya data ni ghali kwangu, na huku kwetu mtandao hupotea ovyo. Sijui kama kutumia sauti peke yake kunapunguza faida ya tiba.

Mshauri nasaha, Malindi

Sauti peke yake inatosha kwa kazi hii, dada yangu, na simu ya kawaida isiyotumia data inafaa pia. Wapo niliowatibu kwa njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachopotea ni kwamba mtaalamu hauoni mwili wako, basi utalazimika kumwambia kwa maneno kile ambacho angekiona kwa macho: kwamba unatetemeka, unalia, au umenyamaza kwa sababu umechoka. Mazoezi na fomu anaweza kukutumia kwa maandishi, nawe ukayanakili kwenye daftari kisha ukaufuta ujumbe.

Kuhusu mume wako, kwa kuwa umesema hajakutendea vibaya, ningekushauri umweleze kabla ya malipo ya kwanza, asije akayaona mwenyewe na kuyatafsiri vingine. Huhitaji kumfunulia kila kitu. Mwambie yale aliyoyasema daktari, kwamba ugonjwa una jina na una tiba, na kwamba utahitaji muda maalumu kila wiki ambao yeye atakaa na watoto. Wataalamu wengi hukubali mume aingie katika sehemu ya kikao kimoja ili aelezwe namna ya kusaidia, na hapo huwa tunamfundisha jambo moja muhimu: mke anapopatwa na mshtuko asimkimbize nyumbani wala asimlaumu, bali akae naye palepale hadi upite. Hilo litakuwa na maana kubwa siku mtakayovuka Mokowe pamoja. Kwa wasomaji wengine ambao simu zao zinachunguzwa kwa sababu ya ukatili, ushauri wangu ni tofauti: msieleze lolote nyumbani, bali tumieni simu ya mtu mnayemwamini mpige 1195, namba ya taifa ya msaada kwa ukatili wa kijinsia, ambayo pia ni ya bure.

Kwa simu yako ya kwanza uwe na majibu ya vipimo vyako, majina ya dawa zozote ulizowahi kutumia, na karatasi uliyoandika siku chache za wiki iliyopita: hofu ilikuja saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, uliwaza nini, na uliepuka nini. Mweleze pia wazi kwamba shabaha yako ni kuvuka kwenda Mokowe, ili mpange hatua kuanzia hapo. Na ikiwa baada ya vikao 5 au 6 alama zako hazijashuka, usiendelee kulipa kwa heshima tu. Mwambie, na mjadiliane kama ni kubadilisha njia, kuongeza dawa, au kukuelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili.